Dola Moja, Wenyewe Wawili

Fedha iliyowekwa benki ni ya nani? Sheria ya kale ya Roma ilitenganisha amana na mkopo. Aliyepokea amana alikilinda kitu chenyewe na kukirudisha kama kilivyo. Aliyekopa aliruhusiwa kukitumia, mradi arudishe kingine cha aina na kiasi kilekile. Fikihi ya Kiislamu nayo haichanganyi wadia, yaani amana, na karadha, yaani mkopo. Benki za leo hupokea fedha kwa jina la amana, kisha huikopesha. Uhalali wa jambo hilo ndio unaojadiliwa kila akiba ya lazima inapotajwa.

Akiba ya lazima ni sehemu ya amana ambayo benki hairuhusiwi kuikopesha. Tuseme mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kongo, ameweka dola 1,000, na kiwango ni asilimia 10. Benki hubakiza 100 na kumkopesha 900 mchoma matofali wa komini ya Annexe. Mwenye amana bado anasoma 1,000 kwenye akaunti yake, na mchoma matofali ana 900 mkononi. Ujazi wa fedha umeongezeka, wala hakuna noti mpya iliyochapishwa. Zile 900 zikirudi benki, 810 hukopeshwa tena, na mzunguko ukifika mwisho wake, dola 1,000 za mwanzo huwa zimezaa amana za 10,000. Kiwango kikiwa asilimia 20, ukomo ni 5,000.

Huo ni ukomo tu. Annexe, komini inayolizunguka jiji, mzunguko hukatika mapema. Zile 900 hulipia kuni za tanuri, mchanga, vibarua na lori, zote kwa noti. Anayezipokea hununua unga, hutoa zamu yake ya likelemba, yaani upatu, na zinazobaki huzificha nyumbani. Fedha isiyorudi benki haizai mkopo mwingine. Kwa hiyo ujazi wa fedha huamuliwa na Benki Kuu ya Kongo pamoja na imani ya watu, na imani hiyo ina majeraha. Kongo ilikumbwa na uporaji Septemba 1991, kisha na mwingine Januari 1993. Oktoba mwaka huohuo zaire, fedha ya nchi wakati huo, ikabadilishwa: zaire mpya moja kwa zaire milioni 3 za zamani, na akiba za maisha mazima zikayeyuka. Anayekumbuka hayo na kuzikalia dola zake ana sababu ya haki.

Linganisha na Kenya: Machi 2020 Benki Kuu yake ilishusha kiwango cha akiba ya lazima kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, na shilingi bilioni 35.2 zikaachiwa benki. Kenya ilifanya hivyo kwa fedha yake yenyewe. Benki ikikwama, benki kuu inaweza kuiongezea shilingi. Kongo, amana nyingi ni za dola, na Kinshasa haichapishi dola. Huko akiba inapaswa kuwa kinga ya mteja kabla ya kuwa chombo cha kuongoza ujazi wa fedha.

Mwanauchumi Irving Fisher alipendekeza mwaka 1935 akiba ya asilimia 100 kwa amana za kulipwa papo hapo. Dola moja ingekuwa na mwenyewe mmoja, lakini mchoma matofali angepata mkopo kwa wale tu waliokubali kungoja fedha zao. Marekani, kinyume chake, ilishusha kiwango hadi sifuri mwaka 2020, na benki zake zikaendelea kubanwa na kanuni za mtaji na usimamizi. Kwa hiyo uaminifu wa benki haupimwi kwa asilimia peke yake.

Kukopesha amana ya mtu si wizi ikiwa mwenyewe anajua, na benki inaweza kumlipa siku anayodai. Sharti la pili lina sheria na wakaguzi. La kwanza limeachwa yatima: mikataba huandikwa kwa Kifaransa, na wateja wengi wa Annexe huishi kwa Kiswahili. Benki za Lubumbashi ziwaandikie wateja wao kwa Kiswahili, kabla hawajatia saini, kwamba fedha yao itakopeshwa.