Muziki wa Rege na Haki ya Mawimbi

Redio huamua wimbo upi usikike na wimbo upi unyamaze. Je, chombo chenye uwezo huo kina deni gani kwa msanii wa nyumbani? Hilo ndilo swali tunalotaka kulipima hapa. Kipimo chetu ni muziki wa rege, ambao vijana wa Moshi na wa vijiji vya mlimani, toka Machame hata Marangu, waliupokea kwa njia ya redio na kanda, pasipo mwalimu.

Wapo wasemao kwamba rege ni mgeni, na mwacha mila ni mtumwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijatimia. Rege ilizaliwa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1960, miongoni mwa vizazi vya Waafrika waliochukuliwa utumwani. Aprili 1980 Bob Marley aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, uhuru ambao Watanzania nao waliutolea jasho. Basi mgeni huyu ni jamaa yetu, aliyerudi na sauti nyingine. Hata huko kwao hakukaribishwa upesi. Stesheni za Jamaica zilisita kuupiga muziki wa makabwela, ukakuzwa na vipaza sauti vya mitaani. Irie FM, stesheni iliyojitolea kwa rege, ilianza mwaka 1990 tu.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikazirekodi bendi na ngoma zetu na kuzitangaza nchi nzima. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikawafungulia mlango watu binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, na mwanzilishi wake, marehemu Reginald Mengi, alikuwa mzaliwa wa Machame. Stesheni zikawa nyingi, na uhuru wa kuchagua ukaongezeka. Lakini uhuru huo ni wa nani, ikiwa kijana wa Kibosho atungaye rege kwa Kiswahili husikia mchana kutwa nyimbo zilizokwisha kuvuma ng'ambo, na wake hausikiki hata mara moja?

Tutajibiwa kwamba redio ni biashara, na kwamba msikilizaji hupewa akitakacho. Jibu hilo halitoshi. Mtu hawezi kuutaka wimbo asioujua. Hamu hufuata sikio, na sikio hulishwa na yule ashikaye mtambo.

Wazee wa Kilimanjaro wametuachia fundisho katika mfongo. Maji yatokayo msituni huteremshwa kwa mfereji, yakapita kihamba hata kihamba, na kila mmoja ana zamu yake. Mwenye kihamba cha juu ana haki ya kunywesha migomba yake, lakini hana haki ya kuyaziba maji yasimfikie wa chini, kwa kuwa hakuyaumba. Mawimbi ya hewani nayo ni mali ya taifa, na kibali cha kuyatumia hutolewa kwa niaba ya wananchi. Apewaye kibali amepewa zamu. Mfereji si wake.

Hata hivyo zamu haimpi msanii ruhusa ya uvivu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona kwa kuiga lafudhi ya Kingston na kulia machozi ya watu wengine. Marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyefariki mwaka 2003, aliimba rege kwa Kiswahili na kwa Kihaya, akaonyesha kwamba mdundo waweza kuazimwa na maneno yakabaki ya nyumbani. Naye kijana wa mlimani anayo ya kusema: bei ya kahawa, kihamba kinachogawanywa hata kikakosa pa kugawanyika, ndugu waliohamia mijini. Akiyasema hayo, rege yake itakuwa ya Kilimanjaro.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kwamba kazi ya msanii ina malipo. Lakini wimbo usiopigwa hauna cha kulipwa. Kwa hiyo haki ya kwanza ya msanii ni kusikika, ili watu wenyewe wamhukumu. Wakimkataa baada ya kumsikia, hakuonewa. Akikataliwa kabla ya kusikika, wameonewa wote wawili, yeye na msikilizaji.