Ipeni Nchi Sabato Yake

Wapendwa wa Ihumwa hapa Dodoma, wenye ng'ombe na msio nao, sikieni! Mungu aliyewaamuru watu wapumzike aliiamuru na nchi ipumzike. Fungueni Kutoka 23: mwaka wa saba shamba liachwe, maskini wale, na watakachobakiza ni cha wanyama wa mwituni. Hata hao Mungu amewawekea fungu lao!

Sisi tumeipa nchi yetu pumziko gani? Malisho yamepimwa viwanja kuelekea Mtumba, mifugo imebanana kwenye kipande kilichosalia, na migunga inaishia tanurini kwa mkaa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Nyasi zikiliwa hadi shinani, zitasubiri hadi Desemba.

Kumbukeni Kondoa. Makorongo yalipoitafuna nchi, mwaka 1979 Serikali iliondoa mifugo yote. Miti ilirudi, lakini wafugaji walihama na uchungu wao. Shinyanga, ambako misitu ilifyekwa kufukuza mbung'o na kupisha pamba, walishika njia nyingine. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, Wasukuma waliirudia ngitili ya babu zao: malisho hufungwa mvua zikianza, hufunguliwa kiangazi kikikaza. Dagashida, mkutano wao wa jadi, ukaamua; sungusungu, walinzi wao wa jadi, wakalinda. Zaidi ya hekta 300,000 zikafufuka, ndege na wanyama wakarejea, na ng'ombe wakabaki na wenyewe.

Nawasihi, tufunge malisho wenyewe kabla hatujafungiwa! Hata miti itarudi: kisiki cha mgunga hakijafa, ndugu zangu. Kikipata mvua hutoa machipukizi tele yanayosongana. Chagueni matatu yaliyonyooka, mengine yakateni, fungeni kitambaa mchungaji akione, mbuzi wasikaribie mpaka yawapite kimo. Miaka ikipita, maganda ya mgunga huohuo yatawalisha mbuzi hao mwezi wa Septemba, nyuki watapata maua, digidigi na kanga watapata pa kujificha.

Nanyi mnaopima ardhi, acheni njia za mifugo na mabonde! Si kila pori ni kiwanja. Wazee, mkutano wa mtaa ukiitishwa, msikae kimya. Tajeni eneo la kufungwa, tajeni mpaka wake, tajeni faini, na mwenye kundi kubwa atozwe sawa na mwenye mbuzi wawili, hata awe mzee wa kanisa. Tena amueni kabla mvua za Desemba hazijaanza.