Chakula cha Mama Kilipogeuzwa Deni

Katika manispaa ya Wijdemeren, nchini Uholanzi, mama mmoja alikuwa na kawaida ya kumnunulia binti yake chakula. Binti alikuwa mtu mzima, akiishi kwa ruzuku ya kujikimu ambayo nchini humo hutolewa na manispaa. Manispaa ilipobaini jambo hilo, ilikokotoa thamani ya vyakula vile, ikasema binti alitakiwa kuvitolea taarifa, kisha ikamdai arudishe zaidi ya euro 7,000. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Habari ilipoenea mwishoni mwa 2020, watu nchi nzima walipigwa na butwaa. Agosti 2021 mahakama ya rufaa ilipunguza sana deni hilo, lakini ikashikilia kwamba kosa la kutotoa taarifa lilikuwapo.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu halmashauri zetu hapa Tanzania nazo zina kazi ya kuzifikishia fedha kaya maskini, na waliowafikisha wenzetu pale hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watumishi wa kawaida waliofuata sheria. Kama ningekuwa mimi kwenye meza ile, sheria iko mbele yangu na mkuu wa idara anasubiri taarifa, sina hakika kwamba ningekataa kuweka saini.

Uholanzi haikuanza hivyo. Sheria ya ruzuku ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1965, ilikuwa kazi ya Marga Klompé, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo. Alitaka maskini asiombe tena msaada kama sadaka, bali audai kama haki yake. Miaka ikapita, hofu ya gharama ikaingia. Tangu 2004 kila manispaa hupewa fungu la ruzuku na serikali kuu. Fedha zikibaki, ni za manispaa. Zikipungua, manispaa hujazia yenyewe. Mpango huo ulikusudiwa kuzihimiza manispaa ziwatafutie watu kazi. Lakini pia ulimfanya kila mwenye shida anayebisha hodi aonekane kwanza kuwa gharama, hata kabla hajaeleza shida yake.

Dalili ya kwanza kwamba mambo yanakwenda mrama ilionekana mapema. Mwaka 2013 ilianza kutumika sheria ya kupambana na udanganyifu. Aliyelipwa zaidi ya stahili yake kwa kutotoa taarifa alitakiwa kurudisha fedha zile, na juu yake alipe faini inayolingana nazo. Kabla mwaka uliofuata haujaisha, mahakama ya rufaa ilisema faini lazima ipimwe kulingana na kosa la mtu. Desemba ya mwaka huohuo, ofisi ya taifa inayopokea malalamiko ya wananchi ikaonya kwamba watu waliokosea tu kujaza fomu, au waliochelewa siku chache, wanaadhibiwa kama wezi. Wakubwa walisikia. Faini zikalegezwa. Lakini ile tabia ya kumwona mwombaji kama mshukiwa ilibaki maofisini.

Dalili ya pili inanigusa zaidi, kwa kuwa inahusu undugu. Sheria mpya ya mwaka 2015 ilisema kwamba watu wazima wanapoishi nyumba moja, ruzuku ya kila anayeipokea ipunguzwe, kwa sababu wanagawana gharama. Kwenye karatasi hesabu hiyo ina mantiki. Majumbani ilikuwa na maana nyingine: mama anayeishi kwa ruzuku aliona kipato chake kikikatwa mara tu mwanawe alipofikisha miaka 21, hata kama kijana huyo hakuwa na chochote cha kuchangia. Wazazi wengine walilazimika kuwaambia watoto wao waondoke, na wako vijana walioishia kukosa makazi. Aliyempa hifadhi ndugu au rafiki aliyekwama naye aliadhibiwa vilevile. Walioshughulika na vijana hao walipiga kelele miaka mingi, na ilifika 2023 ndipo umri huo ukapandishwa hadi miaka 27. Hebu fikiria ni milango mingapi ilifungwa katikati ya miaka hiyo.

Na kazi je, maana ndiyo iliyotajwa kuwa shabaha ya yote haya? Mwaka 2019 taasisi ya serikali ya utafiti wa jamii ilitoa tathmini ya sheria hiyo ya 2015. Kwa wapokeaji wa kawaida wa ruzuku, uwezekano wa kupata kazi ulikuwa umepanda kutoka asilimia 7 hadi 8 tu. Kwa watu ambao zamani wangesubiri nafasi katika karakana maalumu za wenye ulemavu, ambazo sheria hiyo iliwafungia wapya milango yake, uwezekano ulishuka kutoka asilimia 50 hadi 39. Kwa maoni yangu hapo ndipo wangesimama na kujiuliza. Ukali ulikuwa umeongezeka, ajira hazikuongezeka kwa kiasi cha maana.

Mjini Rotterdam mambo yalikwenda mbali zaidi. Kati ya 2017 na 2021 manispaa ilitumia programu ya kompyuta kuwapa wapokeaji wa ruzuku alama za kushukiwa, ili ijulikane nani achunguzwe. Programu ilipima mambo zaidi ya 300 kuhusu kila mtu: jinsia, umri, watoto, kiasi anachokijua Kiholanzi, hata maoni ya ofisa kuhusu mwonekano wake. Wakaguzi wa manispaa walionya mwaka 2021, na matumizi yake yakasimamishwa. Waandishi wa habari walioipata na kuijaribu baadaye walionyesha kwamba kuwa mwanamke, kuwa na watoto au kutoimudu lugha kulimpandishia mtu alama. Mama mgeni mwenye watoto alikuwa mshukiwa kabla hajatenda lolote.

Sasa tujitazame. Mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unapitia halmashauri na vijiji. Wananchi huzitaja kaya maskini kwenye mkutano wa kijiji, kisha dodoso hujazwa, na walengwa wenye uwezo wa kufanya kazi hupewa ajira za muda. Uhakiki ni lazima, maana fedha ni za umma na kaya hewa zimewahi kuingizwa kwenye orodha. Sipingi uhakiki. Ninachoogopa ni siku ambayo bati alilotumiwa bibi na mjukuu wake, au gunia la mahindi kutoka kwa kaka yake, litahesabiwa kuwa uongo wake.

Hilo haliko mbali nasi, kwa sababu kwenye mkutano wa kijiji waamuzi ni sisi wenyewe. Ni rahisi kuinuka na kusema, "Yule ana watoto mjini, anasaidiwa." Ndugu zangu, kabla hatujasema hivyo, tumuulize kwanza anasaidiwa nini, na mara ngapi kwa mwaka. Nanyi watendaji na maofisa ustawi wa jamii, kabla ya kulikata jina, nendeni nyumbani kwa mlengwa mkaone, mumwambie kwa lugha anayoielewa ni taarifa gani anatakiwa kutoa, na mumpe muda wa kujieleza. Akiwa amelipwa zaidi kwa kutojua, msimdai hadi akakosa chakula. Na mkaguzi akileta onyo, lifanyieni kazi mwaka huohuo.