Harusi Haimalizi Kazi

Wanadamu hupenda hadithi yenye mwisho mwema kama msafiri apendavyo kivuli baada ya jua kali. Kupenda huko si kosa. Lakini kivuli chaweza kumpumzisha msafiri, na chaweza pia kumsahaulisha safari. Kwa hiyo yafaa kuulizwa: je, ni haki mtunzi kuzilipa taabu za mwanamke mfanya kazi kwa harusi ya ukurasa wa mwisho?

Swali hili huzaliwa na riwaya za mapenzi zinazosimulia Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 mpaka 1901. Ndani yake msichana maskini, mtumishi wa nyumbani au mfumaji wa kiwandani, hudhulumiwa, huvumilia, na hatimaye huolewa. Na huko kuolewa huhesabiwa kuwa ndiko kuokoka. Hata watunzi wa zama zile zile hawakuepuka njia hiyo. Elizabeth Gaskell, katika Mary Barton ya mwaka 1848, alieleza njaa ya Manchester kwa ujasiri mkubwa. Lakini mwishoni alimwondoa Mary, msichana mshona nguo, katika mji ule, akamweka Canada pamoja na mume na mtoto. Msomaji hufunga kitabu moyo umetua, na Manchester hubaki na njaa yake.

Kando ya hadithi hizo yapasa kuwekwa habari ya Betty Harris, mwanamke wa Little Bolton, mwenye miaka 37, ambaye maneno yake yaliandikwa katika taarifa ya tume ya serikali ya mwaka 1842. Alikuwa mkokotaji wa makaa ya mawe. Alifungwa mkanda kiunoni, mnyororo ukapita kati ya miguu yake, akatambaa kwa mikono na miguu tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa kumi na mbili jioni, kwa ujira ambao pengine ulifika shilingi 7 kwa juma na pengine haukufika. Aliikokota mizigo hiyo hata alipokuwa mja mzito. Jioni alirudi amechoka hata mara nyingine usingizi ulimchukua kabla ya kunawa. Na neno moja katika habari yake latosha kuitikisa riwaya nzima: aliolewa akiwa na miaka 23, na alipoolewa ndipo alipoingia mgodini. Pale ambapo mtunzi huweka nukta, Betty Harris alianza sentensi.

Mwaka ule ule Bunge lilipitisha sheria ya kuwakataza wanawake wote kufanya kazi chini ya ardhi. Ilikuwa rehema, lakini rehema nusu. Maana iliuondoa mnyororo na ujira pamoja, isiweke ujira mwingine mahali pa ule uliotoweka. Sheria hiyo na ile harusi ya vitabuni zina tabia moja: zote mbili humwondoa mwanamke machoni pa watu, kisha hudhani ya kuwa shida yake imeondoka pia.

Jambo hili si la Waingereza peke yao. Ngaka, katika wilaya ya Mbinga, makaa ya mawe yamechimbwa tangu mwaka 2011. Lakini kazi ya mwanamke huko ni kongwe kuliko mgodi. Katika miaka ile ile ya Victoria, Wamatengo walisongwa milimani na vita vya Wangoni, na kilimo cha ngolo kikawalisha katika miteremko mikali. Kwa desturi, mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia, mpaka mlima wote ujae vishimo vinavyozuia maji yasichukue rutuba. Bibi arusi wa Umatengo hakupokewa na pumziko, alipokewa na jembe. Betty Harris hakujua kusoma wala kuandika, ila alipata wa kumwandikia. Wengi wa wale waliochimba ngolo siku zile hawakumpata hata huyo.

Yamkini atatokea msomaji wa kusema ya kuwa maskini naye ana haki ya furaha, na kwamba kumnyima mapenzi katika hadithi ni kumdhulumu mara ya pili. Amesema kweli. Betty Harris alikuwa na watoto wawili, na binamu yake aliwatunza mchana kutwa ili yeye aende mgodini. Hayo nayo ni mapenzi, tena yenye uzito. Ubaya hauko katika kumpa mwanamke furaha. Uko katika kuifanya furaha hiyo iwe hati ya kufuta deni lake.

Mtunzi mwadilifu basi amwoze msichana wake akipenda, na ngoma zipigwe. Lakini aandike pia asubuhi ya pili: nani aliamka kwanza, nani aliteka maji, nani aliushika mkanda au jembe, na ujira uliingia mkononi mwa nani. Hadithi inayoyajibu hayo haipungukiwi na utamu, na anayeisoma huifunga akijua bado anadaiwa.