Kuuza Siri kwa Burudani: Je, Mauzo Haya Yanasihi?

Michezo ya simu, maswali ya kupima tabia na programu za kubadili sura kwenye picha hutolewa bila kudai hata senti moja. Malipo hupitia mlango mwingine. Mtumiaji huruhusu isomwe orodha ya majina yaliyo kwenye simu yake, mahali alipo, picha zake na mambo anayoyapenda, kisha taarifa hizo hutumiwa kumlenga kwa matangazo au hupelekwa kwa watu asiowajua. Wenye kampuni husema hayo ni makubaliano ya hiari, kwa kuwa alibonyeza neno “Nakubali”. Ikiwa ni makubaliano, yanaweza kupimwa kwa mizani iliyotangulia kompyuta kwa karne nyingi, yaani sheria za kuuziana. Fiqhi ya Kiislamu imezichambua sheria hizo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na hoja zake zinamgusa hata asiyekuwa Mwislamu.

Mauzo husihi pande mbili zikiridhiana, bidhaa na bei zikijulikana, na muuzaji akiwa na mamlaka juu ya anachokiuza. Mauzo yaliyofunikwa na giza huitwa gharar. Wanazuoni huyatolea mfano wa samaki aliye bado majini na ndege aliye angani: mnunuzi hajui atapata nini, na muuzaji hajui atatoa nini. Katika biashara ya taarifa binafsi, giza limemwangukia muuzaji peke yake, naye ndiye mnyonge wa pande mbili.

Ukubwa wa giza hilo ulipimwa. Mwaka 2007 David Stillwell alianzisha kwenye Facebook programu iliyoitwa myPersonality, na mamilioni ya watu waliijibu kwa hamu ya kujua wao ni watu wa namna gani. Mwaka 2013 yeye, Michal Kosinski na Thore Graepel walichapisha utafiti juu ya watu zaidi ya 58,000 waliojitolea. Kwa kutazama tu kurasa ambazo mtu aliziwekea alama ya kupenda, hesabu zao ziliweza kumtenganisha Mkristo na Mwislamu mara 82 katika 100, na mfuasi wa chama cha Democratic na yule wa Republican, huko Marekani, mara 85 katika 100. Mtu anayeweka alama ya kupenda kwenye ukurasa wa mwanamuziki hudhani anaonyesha muziki aupendao. Kumbe ndani yake mna dini yake, siasa yake na mambo ambayo pengine hajamwambia hata mama yake mzazi. Hapo ridhaa inakosa pa kusimama, kwa sababu mtu huridhia anachokijua.

Sharti la mamlaka lina uzito zaidi. Mtume Muhammad alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Taarifa za mtu, hata hivyo, hazikai peke yake. Namba ya simu ya shangazi, picha ya harusi ya rafiki na ujumbe wa jirani aliyefiwa vyote vimo katika simu moja. Mwaka 2014 mtafiti Aleksandr Kogan aliwapa watumiaji wa Facebook maswali ya tabia kupitia programu iliyoitwa thisisyourdigitallife. Watu wapatao 270,000 waliiweka, na wengine walilipwa fedha kidogo. Kanuni za Facebook za wakati ule ziliruhusu programu kuchukua pia taarifa za marafiki wa aliyeiweka. Habari ilipofichuka mwaka 2018, Facebook yenyewe ilikadiria kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilifika kwa kampuni ya Cambridge Analytica, iliyofanya kazi za kampeni za siasa. Kwa kila mtu mmoja aliyekubali, zaidi ya mia tatu hawakuulizwa. Hata kama kila mmoja wa wale 270,000 angeyasoma masharti yote neno kwa neno na kuyaelewa, bado asingekuwa na haki ya kuwatoa wenziwe.

Watetezi wa biashara hii hujibu kwamba asiye na la kuficha hana la kuhofia. Jibu hilo linachanganya stara na hatia. Anayeoga hafanyi kosa, na bado hufunga mlango. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inawaamuru waumini wasiingie nyumba za wengine bila kuomba idhini na kuwasalimu wenyewe. Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, wala haikusema kwamba upelelezi unafaa pale nyumba inapokuwa na watu wema. Mswahili hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Mlango ulio wazi haujawa ruhusa, na picha iliyowekwa ionwe na ndugu haijawa mali ya kila mpita njia.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alitofautisha vitu vyenye bei na vyenye hadhi: chenye bei hubadilishwa na kingine cha thamani sawa, na chenye hadhi hakina badali. Mtu anaweza kuuza picha yake au hadithi ya maisha yake, na si kila taarifa ni takatifu. Lakini ramani ya hofu zake, imani yake na udhaifu wake inapotumika kumsukuma bila yeye kujua, kinachochukuliwa ni uwezo wake wa kujiamulia, na mchezo wa dakika tano hauwezi kuwa badali yake.

Fiqhi humpa aliyepunjwa khiyari, haki ya kuvunja mauzo na kurudishiwa chake. Hapa ndipo biashara hii inapokwama kabisa, kwa kuwa taarifa ikishanakiliwa haina marejeo. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2019, inamruhusu mtu kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru mradi wa Worldcoin, uliopiga picha za mboni za macho ya watu na kuwapa sarafu za kidijitali, uzifute taarifa hizo ndani ya siku saba. Amri ya namna hiyo ndiyo khiyari pekee iliyobaki, nayo huja baada ya macho kwisha kupigwa picha.