Kufuata Nyayo za Tajiri kwa Fedha za Wenzako



Tuko tisa tunaoweka akiba pamoja hapa Gihosha, na mimi ndiye mweka hazina. Mwenzetu mmoja alileta pendekezo: kaka yake aliyeko Canada atununulie hisa za Nvidia, kampuni ya Marekani inayounda chipu za kompyuta. Hoja yake ilikuwa moja tu: Stanley Druckenmiller, bingwa wa masoko ya hisa, amezinunua, na mtu yule hakosei.

Nilikesha na simu nikizifuata nyayo za bwana huyo. Zinaonekana, kwa sababu sheria ya Marekani inawataka wasimamizi wa uwekezaji wenye hisa za kuanzia dola milioni 100 kutangaza wanachomiliki kila robo mwaka, nao wanapewa siku 45 baada ya robo kwisha. Alianza kununua Nvidia mwishoni mwa 2022, na bei ikapanda mara kadhaa. Lakini kufikia mwisho wa Septemba 2024 hakuwa na hata hisa moja. Oktoba mwaka huo alikiri hadharani kwamba kuuza kulikuwa kosa kubwa, maana bei iliendelea kupanda. Kumbe habari ya mwenzetu ilikuwa ya zamani!

Nikarudi nyuma zaidi. Mwaka 2000, akiwa katika mfuko wa George Soros, alikuwa ameshauza hisa za teknolojia. Alipowaona vijana wa ofisini kwake wakiendelea kuvuna faida, moyo ukamshinda: akanunua hisa za dola bilioni 6 bei ikiwa karibu kileleni. Alipoteza dola bilioni 3 kwa muda wa wiki sita. Alipokuja kusimulia kisa hicho mwenyewe, alisema hakujifunza jipya, kwani alijua tangu mwanzo kwamba hakupaswa kufanya vile.

Basi swali langu si kama hisa zitapanda. Wala sizungumzii hapa hukumu ya hisa, hilo tuwaachie wanazuoni. Swali ni hili: je, kumfuata anayejua ni sawa na kujua?

Mtu atasema, mbona mgonjwa anamfuata daktari? Kweli. Lakini daktari ananiona, anayajua maradhi yangu, na akikosea nitamuuliza. Druckenmiller hanijui. Zile karatasi zinasema alikuwa na nini siku ile. Hazisemi kwa nini alinunua, wala atatoka lini. Nyayo zinaonyesha alipopita, hazionyeshi anakokwenda. Suratul-Israa, aya ya 36, inatuonya tusifuate jambo tusilokuwa na elimu nalo.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Mfuko uliokuwa ukisimamia fedha za watu wengine aliufunga mwaka 2010. Tangu hapo anasimamia mali ya familia yake. Akikosea leo, anakula hasara yake mwenyewe. Mimi nikikosea, ninapoteza karo ya mwenzangu na nauli ya mwingine ya kurudi kwao Rumonge. Yeye anacheza na chake. Mimi nimeshika amana. Kosa lilelile kwake ni hasara, kwangu linakaribia khiyana.

Tulipokutana niliwaeleza yote haya, nikakiri kwamba nami nilitamani. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya faida kabla ya kupiga hesabu ya nani atalia. Tulikubaliana fedha za wote zibaki zilivyo. Mwenzetu alichukua fungu lake akanunue mwenyewe, tukaagana kwa heri na dua. Huenda akapata, nasi tukabaki tunamtazama. Hata hivyo sitajuta, kwa sababu faida yake haitaifanya kuwa elimu ile niliyokuwa sina.

Ndugu yangu uliyeshika fedha za wenzako, kabla hujafuata nyayo za mtu, jiulize: akigeuka usiku, nani ataniambia? Na kesho nitawajibu nini walioniamini?