Rangi Haifukuzi Kutu

Gari la zamani lililoliwa na kutu haliuawi na kutu peke yake. Magari mengi yanamaliziwa gereji, mikononi mwa fundi ambaye mwenye gari alimchagua kwa pupa. Kisa ninachokisimulia hapa ni cha mzee mmoja wa Haydom. Nakitoa kama mfano, bila majina, maana yaliyompata huwapata wengi, na atakayekisoma kabla hajafungua pochi atakuwa amejifunza kwa gharama ya mwenzake.

Mzee huyu alizaliwa mwaka 1955, mwaka uleule Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilipofunguliwa. Utotoni alikaa kwa babu yake Mbulu, na huko ndiko mapenzi ya magari yalikomwingia. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya 1960 yalipita Mbulu na kupambana na mlima wa Magara. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mtoto aliyesimama kando ya tope siku zile na kuona gari likisukumwa, likizama, kisha likichomoka, hakuweza kusahau.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Kijana wa Mbulu alikata picha gazetini akaibandika ukutani. Miaka ikapita, akawa mhasibu, akaoa, akasomesha, akastaafu. Ndipo mjomba wake, aliyefanya kazi Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akafariki na kuacha Datsun 240Z kwenye banda. Ndugu walikaa kikao wakakubaliana gari limwendee mpwa, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akiliulizia kila alipokwenda.

Lilipandishwa Fuso likaletwa Haydom, likashushwa uani, na watoto wa jirani wakalizunguka. Mzee alifungua mlango, akainua mkeka wa mpira upande wa dereva, akaona ardhi. Sakafu ilikuwa imeoza hadi kutoboka. Chini ya betri, mahali asidi ilipodondokea miaka yote, bati lilivunjika kwa kubonyezwa na kidole. Vizingiti vya milango vilikuwa vimevimba, na kila mlango ulipofungwa unga mwekundu ulidondoka chini. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huiharakisha kutu kwa namna ambayo mtu wa bara hawezi kuamini mpaka aione.

Hapo palihitaji subira. Mzee hakuwa nayo. Alikuwa na kiinua mgongo benki na ndoto ya miaka mingi, na vitu hivyo viwili vikikutana humfanya mtu mzima kuwa kama kijana.

Mkewe alimshauri atafute kwanza mtu wa karibu. Babati kuna mafundi, Singida wapo, na pale Haydom penyewe alikuwepo kijana wa kuchomelea anayetengeneza mageti, madirisha na mikokoteni ya ng'ombe. Mzee akajibu kwamba gari la namna hii haliwezi kuguswa na fundi wa mageti. Akasafiri hadi mjini, safari ya kama kilomita 300, akaingia gereji moja aliyosifiwa. Getini palikuwa na gari jekundu la zamani linalong'aa kama kioo. Mzee akalizunguka, akauona uso wake ndani ya boneti, na moyo ukawa umeshaamua.

"Mzee wangu, hii kazi ndogo," mwenye gereji alimwambia. "Miezi mitatu tu, unalichukua likiwa jipya."

Hakuuliza kazi ndogo ni ipi. Hakuomba kuona gari lolote ambalo lilikuwa bado katikati ya matengenezo. Hakuinama kuchungulia chini ya lile jekundu. Wahenga walishasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na katika habari ya kutu msemo huu si mfano, ni maelekezo kamili. Mzee alitoa robo tatu ya fedha siku hiyohiyo, akapewa risiti isiyo na maelezo, akarudi nyumbani akiimba, kisha gari likapelekwa gereji.

Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa mwaka na zaidi. Mwanzoni simu zilipokelewa, baadaye zikawa zinaita tu. Alipokwenda bila taarifa alilikuta gari limevuliwa kila kitu, limekaa nje kwenye mvua, bati tupu bila praima. Pale palipokuwa pamesafishwa kwa grenda palikuwa pameanza kutu mpya. Kabureta zote mbili hazikuonekana. Vioo vya pembeni, taa za nyuma na nembo havikuwepo kwenye orodha yoyote, kwa sababu orodha yenyewe haikuwepo. Kila fundi alimtaja fundi mwingine aliyekwisha kuacha kazi. Mzee aliongeza fedha, maana gari lililovuliwa halina mnunuzi wala dereva, na mwenye gereji alilijua hilo vizuri kuliko yeye.

Hatimaye likatoka. Lilikuwa linang'aa kweli. Kabureta zilikuwa za gari jingine, lakini injini iliwaka. Lilifika Haydom mchana, na watu walitoka madukani kulitazama. Mzee alifurahi, na ni haki yake.

Masika moja tu yalitosha. Barabara ya Mbulu ikatifuka na kuchimbika, na baada ya safari chache mlango wa dereva ukaanza kugoma kufunga. Rangi ikafanya malengelenge juu ya mudigadi za nyuma. Siku hiyo kwa unyonge alimwita yule kijana wa mageti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu niangalizie hapa, kijana wangu."

Kijana hakuleta mashine. Alileta sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Akaiweka juu ya paa, ikanasa. Akaiweka juu ya boneti, ikanasa. Akaishusha kwenye kizingiti cha mlango, ikaanguka chini. Akaiokota akajaribu tena sehemu tatu, ikaanguka mara tatu. Kisha akagonga kwa mpini wa bisibisi, na sauti iliyotoka haikuwa ya chuma.

"Mzee, hili siyo bati. Hii ni puti," alisema taratibu.

Akaomba ruhusa akakwangua kidogo. Puti ilikuwa nene kama kidole, na nyuma yake kulikuwa na wavu wa waya na magazeti yaliyosokotwa kujaza tundu. Akaweka jeki katikati ya gari akalinyanyua kidogo. Mlango uliokuwa wazi ukakataa kabisa kurudi mahali pake, kwa sababu gari lilikuwa limejikunja kiunoni.

Datsun hii haikuundwa kama Land Rover. Land Rover ya zamani ina chasisi yake chini, na bodi inafungwa juu yake. Datsun 240Z haina chasisi ya peke yake: sakafu, vizingiti na maboriti ya bati yaliyochomelewa chini ya sakafu ndiyo yanayobeba injini, magurudumu na abiria. Vikioza hivyo, gari limevunjika hata kama kwa nje linapendeza. Puti haibebi mzigo. Zaidi ya hayo, puti hunyonya unyevu, na kutu ikifunikwa na kitu chenye unyevu huendelea kula pasipo kuonekana. Kinachohitajiwa na kutu ni chuma, maji na hewa, na vyote vitatu viliachwa ndani, vikafungiwa, vikapigwa rangi. Aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa amekalia hatari, na wajukuu wake walikuwa wakipanda pembeni yake.

Mtu asidhani kwamba kosa lilikuwa kuupenda mkweche. Magari yaliyochakaa yana heshima yake katika historia yetu. Volvo PV544 iliyompa Joginder Singh ushindi wa Safari mwaka 1965 ilikuwa gari lililokwisha kutumikishwa kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na yeye na ndugu yake waliliandaa kwa mikono yao. Na Datsun ileile iliyoshinda mwaka 1971 ilikarabatiwa Japani mwaka 2013 na wafanyakazi wa Nissan wenyewe, watu wanaolijua gari hilo kwa undani. Gari la zamani linafufuka kwa mtu anayejua mifupa yake, anayeanza na chuma na kumalizia na rangi.

Basi funzo la kwanza ni hili: ukienda kutafuta gereji, usitazame gari lililokwisha. Omba uonyeshwe lililo nusu. Fundi wa kweli wa bodi ana gari lililokatwa sakafu na kuwekwa bati jipya kabla ya praima, na atakuonyesha kwa fahari mahali alipokata hadi kufikia chuma kizima. Anayekuonyesha rangi tupu amekuonyesha kazi rahisi kuliko zote. Beba sumaku mfukoni. Ni ya bei ndogo na haisemi uongo.

La pili, msikilize anayekwambia asichokiweza. Yule kijana wa Haydom alimwambia mzee waziwazi kwamba kuchomelea sakafu na vizingiti anaweza, ila kunyoosha bodi kwa vipimo na kupiga rangi aende kwa mwingine. Neno hilo lina thamani kuliko ahadi ya miezi mitatu. Ukiwa hujui pa kuanzia, nenda chuo cha VETA kinachofundisha ufundi wa magari. Walimu wanawajua wanafunzi wao: yupi ana mkono wa bati, yupi ana mkono wa rangi, na wako wapi sasa.

La tatu, kazi igawanywe kwa hatua na fedha ifuate hatua. Kuvua na kukagua. Kukata na kuchomelea. Praima. Rangi. Kufunga. Kila hatua iandikwe bei yake, nani ananunua bati na gesi, na ilipwe baada ya wewe kuiona kwa macho. Gereji iliyo mbali kiasi kwamba huwezi kuifikia kila mwezi si gereji yako, hata ikisifiwa na nani. Bora fundi wa wastani unayemkagua kuliko hodari usiyemwona.

La nne, spea za gari la zamani ni mali. Kabla halijavuliwa, piga picha kila upande, andika namba ya injini na ya bodi, kila kifaa kiingie kwenye mfuko wake pamoja na karatasi yenye jina lake, na vile vidogo vya thamani, kama nembo, kabureta na taa, ukae navyo nyumbani. Kilichopotea kwenye gari la zamani namna hii hakipatikani duka la jirani.

La tano, karatasi zitangulie. Gari la mzee lilikuwa bado na jina la mjomba kwenye kadi. Gari la marehemu lina msimamizi wa mirathi anayetambuliwa na mahakama, na uhamisho wa umiliki unafanyika TRA. Kutumbukiza kiinua mgongo kwenye gari ambalo kisheria si lako ni kujenga kwenye kiwanja cha mtu. Na rangi ikibadilika, kadi nayo irekebishwe.

Mzee alifanya mwishoni kile alichopaswa kufanya mwanzoni. Alimaliza mambo ya mirathi. Kijana wa mageti alikata puti yote, akachomelea sakafu mpya na vizingiti vipya, kipande kwa kipande, milango ikiwa imefungwa ili gari lisijikunje tena. Fedha iliyotumika hapo ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyopotelea mjini. Kabureta za asili hazijapatikana hadi leo, na gari bado halijapigwa rangi ya mwisho.

Wewe uliyerithi Peugeot ya baba, Land Rover ya babu au Datsun ya mjomba, usiwe na haraka ya kuliona liking'aa. Vaa nguo za kazi, lala chini, tazama uvungu wake kwa tochi, ujue ugonjwa kabla ya kumtafuta tabibu. Kisha mtafute fundi anayeanzia hukohuko chini ulikoanzia wewe. Asiyetaka kuinama kulitazama, usimwachie ufunguo.